Risala na Majibu Yake

Neno "changamoto" linanitia kichefuchefu. Nimeliandika mara nyingi kuliko jina langu. Naliandika asubuhi nikinywa chai kwa Mwaija, nyuma ya stendi ya Korogwe, naliandika mchana chumbani kwangu feni ikizungusha joto, nimewahi kuliandika nikiwa na malaria. Mimi ni mwandishi wa kujitegemea. Watu wakisikia hivyo hudhani natunga vitabu. Ninachotunga ni risala za vikundi, hotuba za wageni rasmi, maandiko ya miradi, na wasifu wa marehemu ambao wote walikuwa wacheshi, wapenda watu, na wameacha pengo lisilozibika. Nimewazika walevi na waliopiga wake zao kwa maneno hayohayo, nabadilisha jina na tarehe tu.

Na wateja wenyewe! Mmoja anatuma sauti ya dakika kumi na moja huku anatafuna. Mwingine anataka maneno mazito mazito, ukimuuliza kuhusu nini, anasema, "Dada Hilaria, wewe andika tu, si unajua?" Najua, ndiyo. Nimejua mpaka nimejichukia.

Lakini uchafu wenyewe hasa ni huu. Kwenye kompyuta yangu kuna mafaili mawili, moja limeandikwa "Risala", la pili "Majibu". Shughuli ikiwapo, iwe Handeni au huku Korogwe, wananchi huja niwaandikie risala ya kumsomea mgeni rasmi. Siku mbili baadaye ofisi ya mgeni rasmi hunipigia niandike hotuba ya kuijibu. Nauliza, halafu najijibu. Shughuli moja ya Kerenge niliandika "tunaomba mashine ya kukoboa" kabla ya chakula, na "ombi lenu nimelipokea" baada ya chakula, vidole bado vinanuka dagaa. Hakuna aliyeshtuka, kwa sababu hakuna anayesoma kabla. Mgeni rasmi huletewa bahasha, huifungua mbele ya kipaza sauti, na hapo ndipo anapojua amesema nini.

Mwezi wa nane walinijia wanawake wawili wa kifugaji kutoka Mazingara: mama Nasinkoi, mtu mzima, na Sintamei, mke wa mwanawe, aliyesoma mpaka kidato cha nne na ndiye msomaji wa risala zao. Shirika moja liliwachimbia kisima miaka mitatu iliyopita. Pampu ilifanya kazi miezi minne, ikafa. Tangu hapo wamerudi kunywa bwawani pamoja na ng'ombe.

"Shikamoo mama," nilisema.

"Marahaba mwanangu. Tumekuja tena kwa yale maneno."

"Mgeni ni nani safari hii?"

"Yuleyule mkurugenzi wa shirika, Godlisten," Sintamei alijibu. "Anakuja kuzindua ubao."

"Ubao gani?"

"Ule wa pale kisimani wenye jina la shirika. Wameupaka rangi upya. Kuna wafadhili wanakuja kupiga picha."

Kisima hakitoi hata tone, na ubao umepakwa rangi! Mate yalinijaa mdomoni, ya mtu anayetaka kutapika.

Mama Nasinkoi alitoa chupa ya soda ndani ya shuka lake, akaiweka juu ya meza yangu. Ilikuwa na maji ya rangi ya chai ya maziwa, na kulikuwa na vitu vinavyoogelea humo.

"Mwaka juzi uliandika tunaomba," alisema. "Mwaka jana ukaandika tunaomba kwa unyenyekevu. Mjukuu wangu amelazwa mara tatu kwa tumbo. Mara hii weka na hii kwenye karatasi."

Hakuwa anatania. Walipoondoka niliisukuma ile chupa chini ya meza kwa mguu, kwa sababu sikutaka kuishika. Kitu ambacho mama yule hakukijua ni kwamba majibu yote mawili aliyowahi kupewa, ya mwaka juzi na ya mwaka jana, niliyaandika mimi, kwenye meza hiyohiyo.

Kesho yake akapiga Twaha, afisa habari wa shirika.

"Dada Hilaria, bosi ana shughuli Mazingara Alhamisi. Nitengenezee hotuba, kurasa nne, herufi kubwa. Ile ya mwaka jana inafaa sana, badilisha mwaka tu. Halafu na wewe uje, utuandikie habari ya jarida letu."

"Mkurugenzi ataipitia kwanza?"

Twaha alicheka. "Bosi? Aipitie saa ngapi?"

Nikafungua faili la Majibu. Kurasa mbili za kwanza nilizijaza takataka za kawaida: natambua juhudi zenu, tushirikiane na wadau, changamoto ni fursa. Ukurasa wa tatu nikaumaliza hivi: "Ndugu zangu, maneno matupu yamenichosha hata mimi. Kabla sijaendelea, naomba niletewe kikombe cha maji mnayokunywa, niyanywe mbele yenu." Kisha ukurasa wa nne: "Nimeyaonja. Fundi Eliasi wa Korogwe atakuwa hapa Jumatatu na vifaa vyote vya pampu, kwa gharama ya shirika. Nimelisema mbele yenu na mbele ya wafadhili, na mnishike kwa neno hili." Eliasi nilishampigia mwenyewe, alikuwa tayari. Mtu akishatamka jambo kama hilo kwenye kipaza sauti, kamera zinamtazama, atalikanaje? Kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi nilituma kazi bila kutamani kwenda kuoga.

Alhamisi nilikuwepo, na chupa yangu ya maji ya dukani kwenye mkoba. Siendi Mazingara bila chupa hiyo. Mwaka juzi mama Nasinkoi alinikaribisha chai nikamwambia nina vidonda vya tumbo. Sina vidonda vya tumbo.

Sintamei alisoma risala vizuri, sauti haikutetemeka. Mkurugenzi akainuka, akafungua bahasha, akasoma. Alisoma kama anavyosoma siku zote, kidevu juu, akipumzika mahali pa makofi. Alipofika kwenye kikombe ulimi ulikuwa umeshatangulia. Wanawake wakapiga vigelegele. Mama Nasinkoi alikuwa ameinuka tayari. Alichota kwenye dumu lake kikombe cha bati mpaka juu, akampelekea kwa mikono miwili.

Godlisten alitazama ndani ya kikombe. Midomo ilimpinda, pua ikakunjamana. Miaka miwili nilikuwa naisubiri sura ile, na nakiri niliifurahia.

Furaha haikudumu. Alifunua ukurasa wa nne, akausoma kimyakimya, peke yake, mara ya kwanza maishani mwake. Akatabasamu.

"Hotuba hii nani kaiandika?"

Kidole cha Twaha kilinielekea kabla swali halijaisha.

"Dada, hebu njoo mbele." Nikaenda. Watu wakaanza kunong'onezana, si Hilaria huyu, si ndiye anayetuandikia risala? Mkurugenzi aliwasikia. "Kumbe mnamfahamu! Basi ndiye anayeniandikia na mimi, miaka yote hii."

Sintamei alinitazama, karatasi ya risala bado mkononi.

"Sasa ndugu wananchi," Godlisten aliendelea, "maneno haya ya kunywa ni yake, na anywe yeye. Akimaliza kikombe hiki, mimi nasoma ukurasa wa nne, neno kwa neno. Mnakubali?"

Walipiga makofi, walidhani ni mchezo. Kikombe kikaja mikononi mwangu.

Nilijua kilichokuwa kwenye ukurasa ule kuliko mtu yeyote pale. Fundi, siku, gharama. Kikombe kimoja tu, Hilaria. Watoto wa pale wanakunywa hayohayo kila siku. Nikakiinua. Harufu ilikuwa ya tope na mavi ya ng'ombe, na kitu chembamba kilijipinda karibu na ukingo. Kikombe kilipogusa uso nilifumba midomo. Nilifumba kwa nguvu, nikameza mate yangu mwenyewe, koo likapanda na kushuka ili walio mbali waone nakunywa. Maji yalinilowesha midomo tu. Nikashusha kikombe, nikajifuta.

Godlisten alisogea, akachungulia. Kisha akanishika mkono akauinamisha taratibu, kila mtu aone.

"Kimejaa," alisema.

Akacheka, na wafadhili wakacheka bila kuelewa. Alikunja zile kurasa, akazitia mfuko wa koti, na hakuhitaji karatasi kwa yaliyobaki, kwa sababu nilishamwandikia miaka miwili mfululizo akayakariri. "Changamoto yenu nimeipokea," alisema, na watu, kwa mazoea, wakapiga makofi.

Nilibaki nimesimama na kikombe changu. Mama Nasinkoi alinifuata. Nilijua atanimwagia usoni, na nilitamani animwagie. Alikichukua kikombe mkononi mwangu, akanywa yote bila kupumzika, akafuta mdomo kwa pindo la shuka, akarudi kukaa. Yalikuwa maji yake ya siku hiyo.