Shokapu za Watu Wawili

Kinyozi alikuwa na tabia moja ambayo mkewe aliipenda na nyingine iliyomchosha. Aliyoipenda ni kwamba hakwenda popote bila yeye. Iliyomchosha ni kwamba alikwenda kwa pikipiki.

Hata hivyo, pikipiki ndiyo ilikuwa baraza yao. Nyumbani cherehani ya mke ililia kutwa, na saluni mume alizungukwa na wateja. Wakiwa barabarani ndipo mke alipoegemea mgongo wa mumewe na kumsimulia yote ya wiki. Ikawa hivyo mpaka shokapu za nyuma zilipochoka. Mafuta yakavuja, springi zikalegea, na kila shimo likamwishia mke kiunoni.

"Bwana, mimi si gunia la mkaa," alisema siku moja akishuka. "Safari ijayo napanda basi."

Alisusa wakati mbaya. Binti yao, aliyeolewa ng'ambo ya vilima, alikuwa amejifungua mtoto wa kiume, na Jumapili walipanga kwenda pamoja kumwona. Kinyozi akaona heri autibu ugonjwa kimyakimya. Akaenda duka la vipuri, akaeleza kwamba anabeba mtu nyuma, na muuzaji akampa shokapu ngumu kuliko zote. "Hizi hata ng'ombe unabeba," alimwambia. Kinyozi akazifunga, kisha akamwita mkewe, akamrudia maneno ya muuzaji, wakajaribu.

Kwenye tuta la kwanza kofia zao ziligongana. Kwenye la pili mke alirushwa juu, na aliporudi kitini akampiga mumewe begani asimamishe. Akashuka, akaanza kutembea. Kinyozi akamfuata taratibu na pikipiki yake, sambamba naye.

"Basi panda, mke wangu. Watu wanatazama."

"Waache watazame. Umenunua shokapu za ng'ombe, katafute ng'ombe wako."

Kinyozi akaangua kicheko. Mke alijikaza, akashindwa. Wakaenda hivyo wakicheka, mmoja kwa miguu na mwingine kwa magurudumu, mpaka karakana ya mama mmoja fundi pikipiki.

Fundi akabonyeza kiti, nacho hakikushuka hata kidogo. "Zilipochaguliwa hizi, anayekaa nyuma alikuwepo?"

"Nilitaka kumshtukiza," alisema kinyozi.

"Kilichoshtuka ni mgongo," alisema mke.

Fundi akasema springi huchaguliwa kwa uzito, akawauliza wao wana kilo ngapi. Mke akatazama dari.

"Sihitaji wako, dada. Nahitaji wenu," fundi alimtuliza, akaazima mizani ya duka la nafaka la jirani.

Wakapanda wote wawili. Mizani ilikuwa nyembamba, ikabidi washikane viuno wasianguke. Mpita njia mmoja akauliza kama hapo pana harusi.

"Ni ya zamani," mke alimjibu. "Tunaikarabati tu."

Fundi akaleta jozi mbili, zenye urefu sawa na zile za kwanza. Jozi moja ilikuwa laini kama godoro, na kinyozi akaipenda papo hapo. Lakini walipokaa wawili, nyuma kukadidimia karibu tairi liguse madigadi. Mke akatikisa kichwa. "Hii inanibembeleza ili ikaniangushe mbele."

Jozi ya pili fundi aliikaza springi kidogo kwa spana. Akaomba futi ya kushonea iliyoning'inia shingoni mwa mke, akapima kimo cha nyuma pikipiki ikiwa tupu, kisha wakiwa wamekaa wote. Ikashuka kiasi. Mke akajirusha kwa makusudi. Kiti kikazama, kikapanda mara moja, kikatulia.

"Hapo," alisema mke, kwa sauti ile anayoitoa gauni linapomkaa mteja.

Wakarudi kwenye matuta yale yale. Mke alikuwa ameanza kisa cha bibi harusi aliyenenepa kati ya kupimwa na kuvaa, na kinyozi akasikiliza kwa makini. Tuta la kwanza likapita, la pili likapita, kisa kikaendelea bila neno kukatika. Kinyozi alitabasamu peke yake ndani ya kofia.

Jumapili, binti aliwapokea mlangoni amempakata mtoto. "Mama, umekuja na pikipiki? Na mgongo je?"

"Mgongo upo." Mke alikuwa tayari ananawa mikono. "Hebu nipe mume wangu mdogo."

Kinyozi alisimama uani na kofia mbili mkononi. "Na huyu mkubwa?"

"Mkubwa akaegeshe pikipiki kivulini," alisema mke, mtoto akiwa kifuani pake. "Kurudi tutapita njia ndefu."