Samadi Iliyomwita Kupe

Mwenzangu unayelaza mbwa ndani, kabla hujashika ufito nisikilize mimi niliyeushika nikaumbuka.

Mwaka ule wa sabini na nne tulikuwa tumekwisha hamia kwenye mstari wa nyumba za kijiji, hapa Malindi ya milimani, si ile ya pwani. Mume wangu Nikodemo alileta kitoto cha mbwa, akakiita Kupe. Alisema katika nchi ya Ujamaa ni huyu peke yake anayekula bila kushika jembe. Ila binti yetu Secilia, wa miaka sita, alimpenda mno. Tangu bibi yake afariki alikuwa analala kwa kushtuka-shtuka. Kupe alipoanza kujikunja miguuni pake, mtoto akatulia.

Kumlaza nje haikuwezekana. Chui wa msituni hamwachi mbwa, na wawili wa majirani walishaliwa. Basi Kupe akalala ndani, na haja zake akazifanya ndani. Alikojoa mlangoni, akakojoa chini ya meza, akanya kwenye pembe. Mimi nilimkamata shingo, nikamsugua pua pale pale, nikamchapa. Kisha, kama mama yangu alivyonifundisha, nikachukua samadi mbichi ya ng'ombe nikaisiriba ile sehemu mpaka ikapendeza. Kesho yake anakojoa pale pale! Na akiniona nimekunja uso, anakimbilia uvunguni, anakojoa huko.

Siku aliyokojolea kanga yangu ya kanisani, Nikodemo alisema, "Ijumaa ya wiki ya tatu zamu ya ibada ya nyumbani ni kwetu. Akichafua mbele ya wazee, Jumamosi nampeleka Mtae, kwa binamu yangu, akae huko."

Kwa binamu yake mbwa wanalala nje, na msitu uko nyuma ya jiko. Secilia alisukuma sahani. Hakula jioni ile, wala asubuhi. Mimi nikaanza kuona nitapoteza wawili.

Jirani yetu alikuwa Mwalimu Mwanahawa, Mwislamu wa Tanga, aliyetufundisha pia masomo ya watu wazima. Tangu Kupe aje, hakukanyaga kwetu. Siku hiyo alikuja kuuliza kwa nini sikuhudhuria, akasimama mbali na mlango.

"Hodi, Mama Secilia! Sivuki hapa, nisije nikaoga mara saba."

"Karibu, Mwalimu. Nasafisha mkojo wa mbwa."

"Kwa mavi ya ng'ombe?"

"Sakafu zetu ndivyo zilivyo."

Alicheka mpaka akashika kiuno. "Mama Secilia, wewe unasoma kwa macho, huyu anasoma kwa pua. Unamwandikia 'choo ni hapa', tena kwa herufi kubwa. Akisoma vizuri unamchapa! Mimi wanafunzi wangu wangetoroka wote."

Nilikasirika. Mtu hajamgusa mbwa maisha yake, anifundishe sakafu yangu! Lakini nilimtazama Secilia, nikameza hasira.

Mwalimu akaniambia niioshe sakafu yote kwa maji ya moto na majivu, kisha nisiribe kwa udongo mwekundu mtupu. Kupe akiamka, na akishakula, nimpeleke kwenye migomba ya uani, pale pale kila mara, nisubiri kimya. Akimaliza, nimsifu hapo hapo na kumpa dagaa mmoja. Akikosea ndani, nifute, ninyamaze.

"Mambo ya mbwa umeyajulia wapi?"

"Ya mbwa siyajui. Nimefundisha paka watatu na mume mmoja."

Tatizo likawa shamba la ujamaa. Asubuhi tatu kwa wiki sote tulikwenda kulima, na Kupe alibaki amefungiwa. Nani angemtoa? Alimtoa Mwanahawa. Saa nne, watoto wa shule wakipumzika, alikuja akasukuma komeo kwa fimbo ndefu, akarudi nyuma. Kupe akatoka mbio mpaka migombani. "Hongera, mwanafunzi!" Dagaa akarushwa kwa mbali, Kupe akamfuata mwingine aliyerushwa ndani, mlango ukafungwa kwa fimbo ile ile. Mvua, ukungu, hakukosa hata siku moja. Nimeona walimu wengi, lakini anayefundisha mwanafunzi asiyeweza kumgusa nimemwona huyo mmoja.

Wiki ya kwanza Kupe alikosea mara nne. Ya pili, mara moja. Ya tatu sikuthubutu kuhesabu.

Ijumaa wazee wakajaa ndani. Mzee Yonathani ana sala ndefu, kila mtu anajua. Alipofika kwenye kuombea mvua, Kupe akainuka, akazunguka, akanusa sakafu. Akaenda mlangoni, akakwaruza.

"Baba," Secilia akanong'ona, nyumba nzima ikasikia, "anaomba ruhusa."

Nikodemo alimtazama mbwa, akanitazama mimi. Akainuka katikati ya sala, akafungua.

Mzee Yonathani hakufumbua macho. "Na wote wanaobisha, Bwana, uwafungulie. Amina."

Kutoka upande wa migomba tukasikia sauti ya jirani: "Hongera, mwanafunzi!"

Jumamosi Nikodemo alikwenda Mtae peke yake. Mimi, kwa mazoea ya miaka, nikabeba karai la samadi kwenda kusiriba sebule. Secilia akanishika mkono mlangoni.

"Mama, usimwandikie."

Nikaimwaga migombani.