Mkono Usiofika Sikioni

Evarista alikuwa ameshashona na sare. Sketi ya bluu, marinda sita, upindo mpana wa kushushia mwakani. Halafu huyu Mwalimu Uwesu anamwambia eti mtoto hajafikisha umri wa darasa la kwanza!

"Celina, pitisha mkono juu ya kichwa, shika sikio la upande wa pili," mwalimu alirudia. Celina akajinyoosha mpaka ulimi ukamtoka. Vidole vikaishia juu ya sikio, pale pale vilipoishia mwaka jana.

"Unaona, Mama Celina? Bado mdogo. Mlete mwakani."

"Mwakani tena? Mwalimu, cheti cha kuzaliwa hicho hapo mezani. Ana miaka saba na miezi minne."

"Cheti?" Mwalimu akacheka, akiwatazama wazazi waliopanga foleni. "Vyeti si vinachapwa huko huko kwenu Kariakoo? Mkono haudanganyi."

Ebo! Hasira zikampanda Evarista. Miaka kumi na mbili amekaa na cherehani kwenye kibaraza cha duka la vitambaa, Mchafukoge, kando ya Kariakoo. Amepima wanaume warefu kama milingoti wenye mikono mifupi, na wafupi ambao miguu yao imeanzia kifuani. Angekuwa anakisia mkono wa mtu kwa kumtazama kichwa, angeshafunga kazi zamani. Na huyu, mtu mzima aliyesoma, anataka kumpotezea mtoto mwaka wa pili kwa upuuzi huo huo!

Evarista naye alifanyiwa hivyo hivyo utotoni, mara tatu. Alipoingia darasa la kwanza ana miaka kumi, wenzake wakamwita bibi. La tano hakulimaliza.

"Mwalimu, hebu nitazame."

Akavua kilemba, akapitisha mkono wa kulia juu ya kichwa. Akavuta, bega likalia ko! Vidole vikagota juu ya sikio. Mtu mmoja kwenye foleni akaangua kicheko, kisha akakikatisha mwenyewe.

"Nina miaka thelathini na sita," Evarista alisema. "Nimezaa watatu. Utaniandika na mimi, au nirudi mwakani?"

Mama mmoja nyuma akapaza sauti, "Mwandike mtoto bwana, unatupotezea muda!" Mwalimu Uwesu akakohoa, akavuta daftari, akauliza majina matatu ya mtoto bila kuinua macho. Evarista akamtajia moja moja, akasimama hapo hapo mpaka yote yameandikwa.

Alipogeuka amshike Celina mkono waende, akamkuta bado ameuweka juu ya kichwa, shingo imepinda, machozi yanamtiririka, anavuta.

"Shusha, mwanangu. Umeshaandikwa."

"Bado kidogo tu, mama," Celina alisema. "Nakaribia kufika."