Mkanda wa Kushoto

Fundi saa alisema "tayari" mkanda ukiwa haujawa tayari, na sasa binti yake alikuwa amelala chali sakafuni mwa stoo, kando ya pikipiki ya mbio, mkono wake umezama mpaka kiwiko katikati ya vyuma.

Kuna wanaume ambao hata nyumba ikishika moto watauliza kwanza ni nani kasema. Fundi saa ni wa kundi hilo. Mwezi wa nne, asubuhi moja, kijiko kilimtoka mkononi akiwa anakoroga chai, na tangu siku hiyo vidole vya mkono wake wa kushoto vikawa kama vya mtu mwingine. Hakumwambia mkewe wala daktari. Dukani alijitengenezea kibanio cha mbao cha kushikia saa, na zile saa ndogo za kike akawa anazikataa, eti macho yamechoka. Sababu ya kuficha ilikuwa moja tu. Binti yake alishasema, tena kwa upendo, kwamba siku mikono ya baba itakapochoka duka litafungwa na mzee atahamia nyumbani kwake akapumzike. Duka lilikuwa na miaka thelathini na moja. Fundi saa hakutaka kupumzika.

Kwa hiyo Jumamosi hiyo mchana, binti alipomwomba amsaidie kuinua pikipiki, alikubali upesi kuliko alivyopaswa. Binti huyo ni mpima ardhi, na siku za mapumziko hushindana mbio za pikipiki uwanjani, jambo ambalo mama yake huliita wendawazimu. Shokapu ya nyuma, ile springi inayopokea mishtuko ya barabara, ilikuwa inavuja mafuta, na ilibidi ibadilishwe kabla ya mbio za wiki iliyofuata. Angeweza kumwita rafiki yeyote. Alimwita baba, na baba akafurahi mpaka akabadilisha shati.

"Stendi ya kawaida haifai leo," binti alimweleza. "Stendi inashika huu uma wa tairi la nyuma. Nikishafungua shokapu, uma unabaki peke yake, na pikipiki yote inakaa chini. Lazima tuininginize kutoka juu."

Alikuwa amesimamisha ngazi mbili za kukunja, moja kila upande, na juu yake akalaza bomba nene la chuma. Kwenye bomba ilining'inia mikanda miwili ya kufungia mizigo, kila mmoja na kibanio chake cha chuma, ya kubeba fremu chini ya kiti. Tairi la mbele alilibana kwenye kishikio cha mbao. Mkanda wa kulia aliufunga mwenyewe. Wa kushoto akampa baba.

"Vuta mpaka ukatae, halafu rudisha ncha kwenye kibanio mara mbili."

Kazi hiyo inataka mikono miwili, mmoja wa kuvuta na mwingine wa kubana kibanio. Fundi saa alivuta kwa wa kulia na kujifanya anabana kwa wa kushoto. Ncha aliirudisha mara moja tu, tena nusunusu. Kwa mbali ilionekana sawa.

"Tayari."

"Umerudisha ncha?"

"Mwanangu, kamba za viatu nani alikufundisha?"

Binti alicheka, akaamini. Angekosaje kumwamini mtu anayefunga skrubu ndogo kuliko chawa? Aliondoa stendi, akafungua bolti ya chini ya shokapu, kisha ya juu, akaingiza mkono kuitoa.

Hapo ndipo fundi saa alipouona mkanda unatambaa. Haukukatika wala haukulia. Ulikuwa na uzi mwekundu karibu na kibanio, na ule uzi ulisogea upana wa ukucha, ukatulia, ukasogea tena. Alishika mkia wa pikipiki kwa mkono wa kulia, akaushikilia.

Maneno yaliyohitajika yalikuwa mawili, toa mkono. Lakini akiyasema ataulizwa kwa nini, na akijibu kwa nini, habari yote itatoka nje. Alifungua kinywa.

"Bado sana?" akauliza.

"Bado kidogo. Imenasa."

Nitasema wazi kwamba hapo alikosea, na yeye mwenyewe alijua anakosea. Alijipa moyo kwamba mkono wa kulia utatosha. Uzi mwekundu ukaingia ndani ya kibanio, ukapotea. Kufumba na kufumbua mkia ulishuka upana wa vidole vitatu, ukamvuta bega, na chini binti akatoa sauti fupi.

"Baba. Nimebanwa vidole."

"Vingapi?"

"Viwili, kati ya shokapu na uma. Usiachie huo mkia." Sauti yake ilikuwa ya taratibu mno, na hilo ndilo lililomtisha zaidi. "Sasa shika mkia kwa mkono mmoja, na wa pili uvute mkanda. Inchi moja tu."

Aliupeleka mkono wa kushoto kwenye mkanda. Vidole vililala juu yake, vikajikunja kidogo, vikafunguka vyenyewe. Alijaribu tena. Mkanda uliendelea kutambaa.

"Vuta, baba."

"Hauvuti."

"Unateleza?"

"Mkono hauna nguvu, mama. Tangu mwezi wa nne. Hata huu mkanda sikuufunga vizuri. Nilikudanganya."

Fundi saa alitamani atukanwe.

"Ncha ya mkanda ni ndefu?" binti akauliza.

"Ndefu."

"Piga goti. Weka bega chini ya mkia, mkono wa kulia uwe huru. Ncha izungushe kiunoni. Halafu inua kwa bega na uegemee nyuma. Tumia uzito, achana na mikono."

Alipiga goti. Bega likapokea chuma. Alizungusha mkanda kiunoni kwa mkono wa kulia, mara ya pili akaung'ata kwa meno usimtoroke, akauzungusha tena. Akajikaza, akainuka kwa bega, akaegemea nyuma. Mkanda ulimkata nyama za kiuno. Uzi mwekundu ukachungulia kwenye kibanio, ukatoka wote.

"Tena."

Aliegemea tena, macho amefumba.

"Hapo hapo. Nimetoka."

Hakuamini mpaka alipoiona mikono yote miwili ya binti. Binti alizunguka upesi, akairudisha ncha kwenye kibanio kwa mkono mzima, mara mbili, akasukuma gogo chini ya fremu, akatikisa kila kitu. Ndipo akamfungua baba yake kiunoni.

Walikaa chini, migongo ukutani. Vidole viwili vya binti vilikuwa vimevimba, kucha zimeanza kuwa nyeusi, ila vilikunjika. Fundi saa alivitazama, machozi yakamlengalenga.

"Ningesema mapema," alisema. "Niliona, nikanyamaza. Niliogopa duka litafungwa."

Binti aliuchukua mkono wa kushoto wa baba yake, akauweka juu ya mkono wake mzima.

"Nibane."

Alibana. Alibana kwa nguvu zote alizokuwa nazo, mpaka bega likatetemeka na mshipa wa shingo ukamsimama.

Binti alikuwa bado anamtazama usoni, anasubiri.

"Bana basi, baba."

"Ndiyo nimebana, mama."