Kilo Hamsini na Nane

Ukiuita uwanja wa ndege, wenye viwanja vyao watakucheka. Ulianza kama njia ya vumbi ya ndege za kunyunyizia pamba dawa, baadaye ukamwagiwa lami na kujengewa chumba kimoja chenye mizani, mabenchi mawili na kipaza sauti. Kipaza sauti cha nini, abiria wote wanaonana macho kwa macho? Lakini Mzee Mizani alitangaza kila safari, maana kazi ni kazi.

Yeye ndiye aliyekata tiketi, akafukuza mbuzi kwenye lami, akapima watu. Ndege ya viti kumi na moja haina mzaha: kila abiria alipanda mizani na begi lake. Kuna mama mmoja mnene hakuacha kumwambia, "Soma kimyakimya, baba."

Ndege iliingia Ijumaa asubuhi, ikaondoka alasiri. Na kila Ijumaa, kwa miaka minne, Mzee aliandika kwenye karatasi ya safari ya alasiri: kiti cha kumi na moja, kilo hamsini na nane. Hizo zilikuwa kilo za bintiye. Mara ya mwisho alipokuja kumsalimu, alikosa kiti cha kurudi, akakwama wiki nzima, nusura afukuzwe kazi. "Siji tena, baba, mpaka niwe na uhakika wa kutoka," alisema. Basi baba akamwekea uhakika. Mwingine akiomba kiti hicho, jibu lilikuwa moja tu: "Imejaa."

Binti hakuja. Mkewe alishafariki, na jioni Mzee alipika sufuria moja ndogo, bila mtu wa kumwambia chumvi imezidi. Upweke ulimtafuna, na hakuwa na wa kumwambia hilo pia.

Ijumaa moja rubani alimsogelea mezani. "Mzee wangu, leo ndiyo mwisho. Kampuni imefuta safari za huku."

"Kisa?"

"Wanasema abiria hamna. Miaka minne, hakuna hata mara moja tumeruka tumejaa. Siku zote wanapanda kumi, yule wa kumi na moja hatokei. Kiti kimoja tu, mzee! Kingekaliwa hicho, wasingetugusa."

Mzee aliwakumbuka wote aliowarudisha mlangoni, mpaka yule mwalimu aliyekuwa akiwahi mazishi. Akashika kipaza sauti, akatangaza safari ya mwisho kwa watu kumi, na ndege ikaondoka.

Alikuwa akifagia simu ilipoita.

"Shikamoo, baba!"

"Marahaba, mwanangu."

"Nimepata likizo! Siku moja tu, Ijumaa ijayo. Nakuja na ndege ya asubuhi, naondoka nayo alasiri. Ila niambie ukweli, kiti cha kurudi kitakuwepo?"

Mzee alitazama dirishani. Mbuzi walikuwa wameshapanda kwenye lami, na hakwenda kuwafukuza.

"Kipo, mama," alisema. "Nilikuwekea."