Mlango wa Buluu, Ukurasa wa Saba

Mpiga chapa alimwambia mwandishi kwamba saa nne kamili anawasha mashine. Saa tatu na robo binamu wa mwandishi akapiga simu: ule mlango wa buluu umepakwa rangi ya kijivu.

Mwandishi hakumaliza chai. Alikuwa mama wa makamo asiyejua kukaa kitako, na kazi yake ilikuwa kitabu cha kuwaongoza watu katikati ya jiji. Ukurasa wa saba uliwapeleka wagonjwa kwenye kliniki ya macho: shuka ngazi za soko, pita mtaa wa mafundi, ukiona mlango mkubwa wa buluu, kata kushoto. Wenye macho mabovu hawasomi vibao, lakini buluu ile waliiona. Wasipokata pale, wanaangukia barabara ya malori.

Kanuni yake ilikuwa moja: usimwandike mtu, watu huhama, andika ukuta. Sasa ukuta ndio uliomgeuka.

Alishuka ngazi mbilimbili. Kweli, mlango ulikuwa kijivu kama moshi. Akaanza kuhangaika, mara huku mara kule, akitafuta alama nyingine.

“Dada, unapapasa ukuta kama umepoteza swichi,” mshonaji wa jirani akamwambia. Kisha akamwonyesha nguzo ya kibaraza chake. Palining’inia kitambaa kipana cha buluu, upindo wake umeshonwa vizuri.

Mwandishi akauliza nani amekitundika. Mshonaji akaeleza kwamba juzi, mlango ulipopakwa rangi, mzee mmoja alimpita akielekea kwenye malori, naye mshonaji akamkimbilia na sindano mdomoni, akamrudisha. Jioni ile ile akakishona.

“Na ukihama?”

“Nikihama nitakiacha.” Akakata uzi kwa meno. “Kitabu chako nimekisoma. Mlango umo miaka tisa. Mimi simo.”

Mwandishi akamshika mkono, akaondoka mbio.

Saa nne kasoro dakika tano, akihema, alimsomea mpiga chapa: ukiona kitambaa cha buluu, kata kushoto, ukikikosa, muulize mshonaji.

Mpiga chapa akacheka, akauliza tangu lini anaandika watu. Mwandishi alikuwa anazifikiria kurasa nyingine zote, zenye kuta tu, na watu waliokaa kando ya kuta hizo. Mashine iliponguruma, miguu ilikuwa inamwasha. Akachukua penseli, akashuka tena mitaani.