Usipande Juu ya Mahindi Mashine Ikinguruma

Nyinyi wenye watoto wanaoandikwa kazi kwa maghala ya mahindi huku Moiben, someni hii mpaka mwisho.

Jumatatu binti yangu Maximilla alinifuata mahali nilikuwa nachagua mahindi mabovu, karatasi mkononi.

"Mama, hapa imeandikwa nimefundishwa usalama. Na hakuna mtu amenifundisha kitu."

"Weka sahihi," nikamwambia. "Wahome atasema unajua sana."

Wahome ndiye msimamizi. Na kwani mtu anafundishwa nini juu ya mahindi? Sisi tumezaliwa ndani ya mahindi.

Alhamisi mahindi yakashikana, yakakataa kushuka kwa lile shimo ambalo mashine inavutia kutoka chini. Wahome akampa Maximilla mti mrefu. "Panda ukoroge, wewe ni mwepesi." Alipanda akicheka. Alipodunga, rundo likafunguka chini ya miguu yake. Nikasikia "Mama!" Kufika, yamemfika kifuani.

"Vuteni!" Wahome akapiga kelele.

Tukamfunga kamba kwa makwapa, tukavuta kama ng'ombe aliyezama kwa matope. Alilia vile sijawahi kumsikia. Hakupanda juu hata upana wa kidole. Kila akitoa pumzi, mahindi yanajaza ile nafasi, pumzi ingine inakosa pa kuingia.

"Wacheni kamba, mtamvunja kiuno! Zimeni mashine kwanza!" Huyo ni Chepngetich, anayetupikia chai. "Leteni mabati!"

Walitandika mbao, wakamzungushia mabati kama bafu ya nje, halafu wakachota mahindi ya ndani kwa sufuria. Mimi nilishika mkono wake.

"Mama, usiende."

"Niende wapi? Pumua kidogo kidogo."

Masaa mawili, ndipo akatoka.

"Ulijulia wapi haya?" nikamuuliza Chepngetich baadaye.

"Kwa kampuni niliyofanyia kazi kabla ya hii walitufundisha. Siku moja tu, Mama, na soda wakatupea."

Sasa Maximilla amelala hospitali mjini, mguu wa kushoto hausikii hata ukifinywa. Jana Wahome alikuja. Hakubeba hata ndizi. Alibeba ile karatasi.

"Mama, kampuni haina makosa. Soma mwenyewe. Alikubali amefundishwa."

Nikasoma. Sahihi ni yake, ameikunja mkia vizuri. Maximilla aligeuza uso akaangalia ukuta. Hakumwambia ni nani alimtuma aiweke.

Na mimi pia, mbele ya Wahome, mdomo ulikataa kufunguka. Ndiyo maana nawaandikia.